Dakika Arobaini za Disk ya Tahiri

Rumonge, tarehe 4 Mei 2025

Kaka yangu mpenzi Fahadi,

Amahoro? Natumaini unasoma haya ukiwa mzima huko mgodini nyuma ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na lile vumbi limeacha kukukalia kifuani. Sisi tu wazima. Baba mdogo Rachid anakusalimu, mguu wake umepona, sasa anatembea mpaka sokoni na kurudi na habari za watu wote. Ndagala zimeadimika ziwani, tunakula mboga za lenga-lenga siku nne kwa juma. Barua hii anakuletea Hamidou mchuuzi, kwa boti, pamoja na katoni zake za sabuni. Nilimuuliza kama ni kweli mgodi unakusanya simu zenu getini, hata yako wewe fundi mkuu wa kompyuta. Akasema ni kweli, na karatasi tu ndiyo inayopita. Basi nitaandika mpaka kidole kiote sugu.

Kaka, nimeolewa! Najua unajua, lakini acha niandike kwa mkono wangu mwenyewe. Leo ni majuma matatu na siku mbili. Tahiri huamka kabla yangu akaosha vikombe, halafu ananiita "Madame" huku akicheka, na moyo unaniruka kama samaki mukeke aliyetupwa kwenye ndoo. Sijui kama watu wote walioolewa wanajisikia hivi. Kama ndiyo, mbona hawasemi? Sebule yetu ni ndogo lakini kila kitu ndani yake kimevaa: viti, redio, thermos ya chai, hata zawadi uliyotutumia tulipochumbiana. Vitambaa vyote nilivyofuma tangu darasa la tisa vimepata kazi.

Na sasa zawadi yako, kaka, ndiyo inayonifanya niandike.

Unajua mume wangu ni mpiga picha. Mwaka ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za Avenue ya Pwani, watu walibaki na nguo walizovaa. Sasa halmashauri ya komini itawapa viwanja vipya kule juu, na tume itakaa tarehe 25 Julai. Anayetaka kiwanja lazima aonyeshe picha ya nyumba yake ilivyokuwa. Tahiri amekusanya picha na maneno ya familia 214. Wengi walimletea simu za zamani zilizokuwa zinakata roho. Akahamisha picha, simu zikafa. Zote ziko mahali pamoja tu: kwenye disk uliyotutumia ndani ya kijisanduku chake, iliyounganishwa na ile kompyuta yako ndogo, ubao mmoja usiozidi kipande cha sabuni.

Kompyuta inaanguka, kaka. Inafanya kazi vizuri, halafu skrini inajaa maandishi meupe na disk inapotea kama haijawahi kuwepo. Ukizima na kuwasha, inarudi. Halafu inapotea tena. Kunakili picha zote kwenye disk ya pili kunahitaji zaidi ya saa tatu, na hatujawahi kufika mwisho. Jana Tahiri alikaa mbele yake akizima na kuwasha hadi chai ikapoa. Sijawahi kumwona hivyo. Kila mara inapoanguka naogopa ni mara ya mwisho.

Tusaidie. Wewe ndiye uliyeitengeneza.

Mdogo wako mwenye furaha na hofu,
Raisa


Mgodini, 21 Mei 2025

Mdogo wangu Raisa,

Nimepata barua. Mimi mzima. Msalimu baba mdogo, mwambie mguu uliopona usitumike kwa umbea.

Kuhusu ndoa, hongera. Kutokuja kwangu ni kazi tu. Hapa mitambo yote iko mikononi mwangu, nikiondoka siku tatu mgodi unasimama.

Sasa sikiliza. Kompyuta yenu inaendeshwa na Linux. Linux ina kiini, tunakiita kernel. Ndani ya kiini kuna draiva, kipande cha programu ambacho kazi yake ni kuzungumza na disk. Kwenye hizi kompyuta ndogo zenye prosesa ya ARM, ile ile jamii ya simu, draiva ya disk ya nje inaitwa uas. Ni ya haraka lakini haina subira. Disk ikichelewa kujibu, draiva inaishtua. Isipojibu, inaishtua tena. Mwisho inaikatia tamaa, na kiini kinafunga kila kitu ili kisiharibike zaidi. Hayo ndiyo maandishi meupe.

Kwanza, badilisheni waya na msitumie chaja ya simu. Umeme ukiwa hafifu disk inalegea. Tumieni betri ya sola ikiwa imejaa. Pili, nimeandika nyuma ya karatasi hii mstari mmoja wa kuongeza kwenye faili la kuwashia. Unaamuru kiini kitumie draiva ya zamani, ya polepole, yenye subira. Tahiri auandike kama ulivyo, herufi kwa herufi, asikate mstari.

Tatu, nakilini hayo maandishi meupe kwa mkono mniletee. Maandishi tu. Mambo ya mukeke kwenye ndoo mwandikie shoga yako. Mimi nahitaji makosa.

Fahadi


Rumonge, 8 Juni 2025

Kaka Fahadi,

Salamu. Sisi wazima. Idi ilipita juzi, tulichinja pamoja na majirani. Nyumbani ni salama. Sitaandika mengine kwa kuwa umekataza.

Waya tumebadilisha. Betri tumetumia, imejaa kabisa. Mstari wako tumeuandika. Maandishi yamebadilika, neno uas halipo tena, lakini kuanguka ni kule kule.

Kurasa tatu za daftari zimo ndani ya bahasha. Nimenakili kwa mwandiko wangu mzuri wa mtihani. Kila mstari ulianza na namba ndefu ndani ya mabano. Nimeziruka kwa sababu zilichafua ukurasa na nilidhani ni namba za mistari tu.

Kitu kimoja lazima nikueleze ingawa si kosa la kompyuta. Bibi Esha alikuja Alhamisi. Yule yule jirani yetu wa Avenue ya Pwani aliyekuwa akitulisha mama akiwa sokoni. Sasa anaishi chini ya turubai karibu na uwanja wa mpira. Alikuja na wanawake wawili, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Tahiri, picha zangu ziko wapi?"

"Ziko kwenye disk, Bibi."

"Watu wanasema umewauzia matajiri wanaotaka vile viwanja."

"Watu gani, Bibi? Nani anaweza kununua picha ya mlango?"

"Basi nionyeshe huo mlango."

Kompyuta ilikuwa imewashwa tangu tulipoanza chai. Tahiri akafungua picha. Mlango wa Bibi Esha ukatokea, ule wa bluu, na ngazi zake tatu. Bibi akafunika mdomo kwa mkono. Akasema, "Ndiye mwenyewe," kama anayemzungumzia mtu. Akainama ili aone karibu. Na hapo hapo, kaka, picha ikaganda, maandishi meupe yakashuka juu ya mlango mpaka hatukuuona.

Bibi Esha hakupiga kelele. Alisema, "Ziwa lilichukua miezi miwili kumaliza nyumba yangu. Kijisanduku chako kimeimaliza nikiwa naangalia."

Wale wanawake wawili ndio waliopiga kelele, tena kwa niaba ya mtaa mzima.

Unataka makosa. Hilo nalo ni kosa, sijui utaliweka wapi.

Tahiri ana kazi nyingi siku hizi, ndiyo maana hakuandika salamu. Ananiomba nikuulize kijisanduku cha disk ulikinunua duka gani, labda wengine wamepata shida hiyo hiyo.

Raisa


Mgodini, 27 Juni 2025

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko kurasa za daftari.

Mwandiko ni mzuri. Lakini zile namba ulizozitupa ndizo nilizozihitaji. Namba iliyo ndani ya mabano ni sekunde tangu kompyuta iwashwe. Kila mstari wa kernel unazaliwa na saa yake. Wewe umeniletea habari ya msiba bila kusema mtu alikufa lini.

Bahati yetu ni kwamba ulichoka. Chini ya ukurasa wa pili umesahau kuiruka namba moja: 2388. Na ukurasa wa tatu kuna nyingine: 2412. Gawanya kwa sitini. Siku mbili tofauti, na mara zote mbili ni dakika arobaini.

Nimefikiri juu ya hizo dakika siku nzima nikiwa kazini. Umeme mbovu hauna saa, unakatika unapotaka. Kosa la draiva nalo halina saa, linaweza kutokea dakika ya kwanza au juma la pili. Kitu kinachochukua dakika arobaini kila mara ni joto. Kijisanduku kinapata moto polepole, kinafika mahali hakiwezi tena, kinanyamaza, na draiva inaangukia pale. Tumelaumu kiini bure. Kiini kilikuwa kinapiga mayowe tu.

Sasa niambie: kijisanduku kimekaa wapi? Karibu na dirisha? Juu ya redio? Kuna nini juu yake, chini yake, pembeni yake? Safari hii niandikie yote. Hata ya moyo, sikukatazi tena.

Msisubiri jibu langu. Ondoeni chochote kinachokifunika. Kiwekeni juu ya mawe mawili ili hewa ipite chini. Mtu apepee. Nakilini kuanzia picha mpya kurudi nyuma, na kikipata moto pumzikeni. Na mwambie Tahiri hili kwa sauti kubwa: asiendeshe programu ya kurekebisha disk kabla ya kunakili. Disk iliyoanguka mara nyingi hivyo ina faili zilizovunjika, na ile programu ikikuta kitu kilichovunjika inakifagia.

Kuhusu duka, nitajibu siku nyingine.

Hukusema Tahiri anaendeleaje. Uliandika tu "ana kazi nyingi".

Fahadi


Rumonge, 15 Julai 2025

Kaka yangu,

Amahoro. Baba mdogo mzima. Mvua hakuna, vumbi la barabarani linaingia hadi kwenye chumvi. Hizo ndizo salamu zangu, nisamehe, siwezi zaidi.

Nilikuficha. Nilipoandika barua ya mwezi wa sita Tahiri alikuwa bado nyumbani, lakini hakuwa akiniambia neno isipokuwa "chumvi" na "maji". Mwanzoni mwa Julai aliondoka. Alikwenda Kigwena kwa mama yake, eti kumsaidia kukamua mawese. Siku kumi na moja, kaka. Mimi bibi arusi wa miezi mitatu. Majirani walipouliza nilisema amepata kazi ya kupiga picha za arusi Nyanza-Lac, na nikawaeleza hata rangi ya nguo za maharusi.

Barua yako ilifika tarehe 12. Niliisoma nimesimama kwenye kibanda cha Hamidou. Nilipofika pale unapouliza kuna nini juu yake, nilikaa chini juu ya katoni ya sabuni na ikabonyea.

Kitambaa, kaka. Kitambaa changu.

Ni kile kikubwa cheupe, nilikifuma likizo mbili nzima, kina ndege wawili katikati na herufi zetu, R na T. Nilikitia wanga wa muhogo mara mbili ili kisimame vizuri, na wanga umeziba kila tundu. Unajua huku kwetu, nyumba ya bibi arusi kitu kikikaa uchi wageni wanasema mama yake hakumfundisha. Zawadi ya kaka yangu ningeiachaje uchi? Tahiri alipokuwa akiwasha kompyuta alifunua upande wa waya tu, kwa heshima, asikikunje. Na Bibi Esha alipokuja nilikitandaza upya, nikakinyoosha pembe zote nne, ili aone tunavyoitunza.

Nilikimbia nyumbani. Niliwasha, nikasubiri chini ya kitambaa vile vile. Nilipotia mkono ndani, kijisanduku kiliniunguza kiganja. Sebule ina bati tupu juu, na mimi nilikuwa nimekivisha blanketi.

Petroli hakuna, pikipiki zote zimelala. Baba mdogo alinitafutia baiskeli, nikabebwa mpaka Kigwena na kijana wa mawese. Tahiri alikuwa amekaa kwenye gogo, mikono myekundu hadi viwikoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana niliogopa kuwa nikikaa nitalia kabla ya kumaliza. Alipangusa mikono kwenye majani. Halafu akasema, "Madame. Kumbe siyo Linux. Ni wewe." Akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu kicheko kikageuka, akalia, kaka, mume wangu, mbele ya mama yake.

Ndipo aliponiambia. Kabla ya kuondoka nyumbani, tarehe mosi, aliendesha ile programu ya kurekebisha. Barua yako ilichelewa siku kumi na moja.

Tulirudi. Tukakiweka juu ya mawe mawili, nikapepea kwa ungo. Dakika ya arobaini ilipofika nilifunga macho. Ilipita. Ya hamsini ikapita. Kwa saa tatu na dakika ishirini nilipepea, Tahiri akanishika mkono akasema imetosha, imefika mwisho.

Familia 191 ziko salama. Familia 23 hazipo, zimefagiwa.

Nilikwenda kwa zote ishirini na tatu. Tahiri alitaka kwenda yeye, nikakataa. Kila mlango nilisema: mume wangu hakuuza kitu, ni kitambaa changu kilichoua picha zenu. Wengine walicheka wakidhani nawatania. Mmoja alinifungia mlango. Bibi Esha alikuwa anachambua mchele chini ya turubai lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ulikifuma mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nifumie nyumba," akaendelea kuchambua.

Karani wa tume amemwambia Tahiri kwamba wasio na picha watasikilizwa tarehe 20 Agosti. Kila familia ilete mashahidi wawili walioishi avenue hiyo hiyo na waliokuwa watu wazima mwaka ziwa lilipoingia. Waje wenyewe, barua hazipokelewi. Ishirini na mbili zimeshapata mashahidi wao. Bibi Esha ana mmoja tu, mzee Darius anayekausha ndagala. Wengine waliopakana naye wamekufa au wamehamia Tanzania bila kuacha namba. Mama ametutoka, baba mdogo hakuishi pale, na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, sihesabiwi. Wewe ulikuwa na ishirini na mbili.

Sikuombi. Najua mgodi unasimama ukiondoka. Nakueleza tu kwa sababu uliniambia niandike yote.

Tahiri sasa ananiita Madame tena, lakini kwa sauti ya chini, na mimi naitika kwa sauti ya chini.

Raisa wako


Mgodini, 3 Agosti 2025

Mdogo wangu Raisa, na shemeji yangu Tahiri,

Wazima? Mimi mzima.

Mlinde Raisa, Tahiri, kosa si lake peke yake. Kijisanduku kizima kingestahimili hata vitambaa vitatu. Mliuliza duka. Hakuna duka. Nilikiokota kwenye rundo la vitu vilivyotupwa hapa, na aliyekitupa aliniambia waziwazi: kikipata joto kinanyamaza. Nilikifuta vumbi, nikakifunga kwenye karatasi ya rangi, nikampa Hamidou. Nilipoisoma ile namba 2412 nilijua yote, na bado nikaandika "siku nyingine".

Jambo la pili. Mimi si fundi mkuu. Navuta nyaya, natoa vumbi kwenye feni za kompyuta za wakubwa, na ninachokijua cha Linux nimekisoma nikichungulia mabegani kwao. Mgodi hausimami nikiondoka. Hata hautambui. Sikuja kwenye arusi kwa sababu nilishawafanya watu wote wa Rumonge waniite bwana ingénieur, yaani mhandisi, na sikuwa na viatu vya kumfaa bwana huyo.

Jana niliomba ruhusa. Msimamizi amesema nikitoka mwezi huu nafasi yangu anapewa mwingine. Nikamwambia ampe, nikamwuliza kama anaweza kunirudishia simu yangu mapema. Akacheka, akanirudishia.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kuandika kila ninachokumbuka cha nyumba ya Bibi Esha: ukuta wake uliogusana na wetu, dirisha la jikoni alilotupitishia sahani, mahali mama alipomwazima moto. Nimejaza kurasa mbili. Halafu nikakumbuka ulichoandika, kwamba tume haipokei karatasi, inataka mtu.

Nimezichana. Hamidou anatangulia na barua hii, mimi napanda boti inayofuata. Mwambie Bibi Esha shahidi wake wa pili anakuja, na mwambie mapema kwamba haleti kitu mkononi.

Fahadi